Kujaribu maktaba ya kusoma metadata ya vifurushi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wote wanaotaka kutusaidia kujaribu maktaba yetu ndogo ya Python (yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia), ile inayosoma metadata ya vifurushi, yaani programu zilizofungwa tayari kusakinishwa, vya Debian na Ubuntu, mifumo huria ya kuendesha tarakilishi. Tunaiandikia Kisumu, na imezaliwa na shida moja: shule nyingi tunazozihudumia hazina mtandao wa kutegemewa, hivyo ni lazima tujue mapema tarakilishi zao zina programu gani, zinakosa zipi, na tubebe zipi kwenye flashi kabla ya kupanda matatu. Maswali mengi yaliyo hapa yametoka kwa wanafunzi wa vyuo na walimu waliotuletea majaribio yao ya kwanza. Mengine tulijiuliza sisi wenyewe baada ya kukosea.

Metadata ya kifurushi ni kitu gani hasa?

Ni karatasi ya utambulisho ambayo kila programu husafiri nayo. Ndani ya kila faili la `.deb` kuna faili dogo liitwalo `control`, ambalo hutaja jina la kifurushi, toleo lake, aina ya mashine inayokifaa, mtu anayekitunza, na vifurushi vingine ambavyo bila hivyo hakifanyi kazi. Huu hapa ni mfano tuliojitungia kwa ajili ya majaribio:

    Package: kamusi-ndogo
    Version: 1:2.4-1
    Architecture: all
    Maintainer: Fundi wa Majaribio <fundi@example.org>
    Depends: python3 (>= 3.9), sqlite3
    Description: kamusi ya shule isiyohitaji mtandao
     Mwanafunzi huandika neno na kupata maana yake.
     .
     Hufanya kazi hata kwenye tarakilishi ya zamani.

Kila kipengele kina jina, nukta mbili, kisha thamani. Mstari unaoanza kwa nafasi ni mwendelezo wa ule uliotangulia. Nukta iliyokaa peke yake baada ya nafasi husimama badala ya mstari mtupu, kwa sababu mstari mtupu wenyewe una kazi nyingine: kutenganisha aya ya kifurushi kimoja na ya kingine. Majina ya vipengele hayajali herufi kubwa wala ndogo, kwa hiyo `version` na `Version` ni kitu kimoja. Muundo huu umeazimwa kutoka vichwa vya barua pepe, na Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, inautumia hadi leo. Orodha ya vifurushi vyote ambavyo mashine yako inavijua imeandikwa kwa mtindo uo huo katika `/var/lib/dpkg/status`. Lifungue ulisome. Ni maandishi matupu, hakuna siri.

Mbona inaonekana rahisi? Majaribio yote haya ni ya nini?

Nasi tuliona rahisi. Toleo la kwanza la msimbo wetu lilikuwa na mistari isiyofika 40, na tulilipenda.

Kisha tukafunga safari kwenda shule moja upande wa Seme. Mwalimu alikuwa ametutumia mapema nakala za faili la status la mashine zake 12. Maktaba ikatuambia kwamba programu ya hesabu aliyoitaka iko kwenye mashine zote, tukaiacha, tukajaza flashi vitu vingine. Tulipofika, mashine 7 hazikuwa nayo. Mtu fulani aliwahi kuiondoa kwa `apt remove`, na dpkg, programu ya Debian inayosakinisha na kuondoa vifurushi, ikiondoa kifurushi ambacho faili zake za usanidi zimebaki, haifuti aya yake. Hubadilisha kipengele cha Status, kutoka `install ok installed` hadi `deinstall ok config-files`. Msimbo wetu ulihesabu aya, haukusoma Status. Wanafunzi walikuwa wameshakaa kwenye viti wakitungoja.

Jambo lililotuuma zaidi ni kwamba hakuna kilicholalamika. Programu inayochora picha ikikosea utaona picha mbovu. Programu inayosoma ikikosea hukupa jibu lililonyooka, lenye umbo zuri, ambalo si kweli. Ndiyo maana tunaomba majaribio yanayouliza "je, jibu ni la kweli?" wala si "je, msimbo umefika mwisho bila kuanguka?"

Kuna python-debian tayari. Kwa nini mnaandika nyingine?

Swali la haki. Python-debian, maktaba nyingine ya Python inayosoma faili za Debian, ni kazi nzuri, na kama mashine yako ina mtandao au tayari inayo, itumie bila kusita. Yetu ni faili moja lisilotegemea chochote nje ya Python yenyewe, kwa sababu hutumika kwenye tarakilishi ambazo bado hatujaziwekea kitu. Unalibandika kutoka kwenye flashi, linasoma, unaondoka nalo. Katika majaribio tunaifanya python-debian kuwa shahidi wetu wa pili: ikiwa sisi tunasema hivi nayo inasema vile, tunaanza kwa kudhani sisi ndio tuliokosea.

Nahitaji nini ili nianze?

Mashine yenye Debian au Ubuntu, Python 3, na pytest, chombo cha kuendesha majaribio. Usikimbilie `pip install` moja kwa moja. Tangu Debian 12 ya Juni 2023, pip, kisakinishi cha maktaba za Python, hukataa kugusa Python ya mfumo na kukuonyesha ujumbe wenye maneno `externally-managed-environment`. Hiyo si hitilafu ya mashine yako, ni ulinzi uliowekwa makusudi. Tumia `sudo apt install python3-pytest`, au tengeneza mazingira yako ya pembeni kwa `python3 -m venv`.

Majaribio yote yako katika folda ya `majaribio`, na kila faili huanza kwa `test_`. Tungependa kuyaita yote kwa Kiswahili, lakini pytest hutafuta jina hilo ndipo itambue kuwa kuna jaribio. Kinachofuata baada ya `test_` ni chako: `test_matoleo.py`, `test_status.py`, `test_herufi.py`.

Kwa nini kulinganisha matoleo kumetengewa faili zima?

Kwa sababu hapa ndipo karibu kila mtu huanguka, sisi tukiwa wa kwanza.

Toleo si nambari na wala si neno. Ukilipanga kama neno, 1.10 itatangulia 1.9, kwa kuwa tarakimu 1 iko kabla ya 9. Ukilifanya desimali, 1.10 itakuwa sawa na 1.1. Debian ina kanuni zake, na zimeandikwa wazi katika sera yake. Toleo lina sehemu tatu. Ya kwanza ni nambari iliyo kabla ya nukta mbili, ambayo sisi tunaiita enzi. Ya pili ni toleo la waandishi wa programu wenyewe. Ya tatu, baada ya kistari cha mwisho, ni marekebisho ya Debian. Enzi hulinganishwa kwanza, na isipotajwa ni 0. Kwa hiyo 1:0.5 ni mpya kuliko 9.0. Jambo hilo lina maana yake: waandishi wa programu wakiacha kuhesabu kwa miaka, mathalani kutoka 2023.04, wakaanza upya na 1.0, bila enzi mashine zote zingedhani 1.0 ni ya kale.

Baada ya enzi, maandishi hukatwa vipande kwa zamu: kipande kisicho na tarakimu, kisha kipande cha tarakimu, na kuendelea hivyo. Vipande vya tarakimu hulinganishwa kama nambari kamili. Katika vile vingine, herufi za alfabeti hutangulia alama zote, tofauti kabisa na mpangilio wa kawaida wa ndani ya tarakilishi ambapo `+` iko kabla ya `a`. Alama ya mawimbi, `~`, hutangulia kila kitu, hata mahali pasipo na kitu. Sera yenyewe inatoa mfuatano huu kutoka wa chini kwenda juu: `~~`, `~~a`, `~`, patupu, `a`. Kwa sababu hiyo 1.0~rc1 ni ya zamani kuliko 1.0, huku 1.0rc1 isiyo na mawimbi ikiwa mpya kuliko 1.0. Aliyezoea matoleo ya Python atashangaa hapa, kwani huko 1.0rc1 hutangulia 1.0. Ni kanuni mbili za nyumba mbili. Wachangiaji wawili wameshatuletea msimbo unaoazima kilinganishi cha Python kwa vifurushi vya Debian, na kila mara majaribio haya ndiyo yaliyowashika:

    import pytest
    from vifurushi import linganisha

    @pytest.mark.parametrize("a, b, jibu", [
        ("1.9", "1.10", -1),
        ("1.0~rc1", "1.0", -1),
        ("1.0", "1.0rc1", -1),
        ("1.0a", "1.0+", -1),
        ("1.0", "1.0-0", 0),
        ("1.09", "1.9", 0),
        ("1.0-1~bpo12+1", "1.0-1", -1),
        ("1.0-1", "1.0-1ubuntu1", -1),
        ("1.0-1ubuntu1", "1.0-2", -1),
        ("9.0", "1:0.5", -1),
    ])
    def test_linganisha(a, b, jibu):
        assert linganisha(a, b) == jibu
        assert linganisha(b, a) == -jibu

Tazama mstari wa mwisho. Kila jozi inaulizwa pande zote mbili. Tulipokuwa tukiuliza upande mmoja tu, tulikaa muda mrefu na hitilafu iliyosema A ni ndogo kuliko B na papo hapo B ni ndogo kuliko A.

Nitajuaje kwamba jibu nililoliandika kwenye jaribio ni sahihi?

Usilitoe kichwani. Mnunuzi wa samaki pale Dunga akiishuku mizani, haiangalii kwa macho tu. Huweka juu yake pakiti ya unga ya kilo mbili ambayo haijafunguliwa, aone inasema nini. Kwetu sisi pakiti hiyo ni dpkg yenyewe:

    dpkg --compare-versions '1.0~rc1' lt '1.0'; echo $?

Ikitoka 0, kauli ni kweli. Ikitoka 1, si kweli. Badala ya `lt` unaweza kuweka `le`, `eq`, `ne`, `ge` au `gt`. Weka alama za kunukuu kwenye matoleo, kwa sababu terminali ina tafsiri yake ya mawimbi. Kwa mambo ya status, shahidi ni `dpkg-query -W`, na kwa faili la `.deb` ni `dpkg-deb -f`.

Hapa tuna msimamo mkali: jaribio ambalo jibu lake limepatikana kwa kuendesha maktaba yetu kisha kunakili ilichosema, hatulipokei. Hilo halipimi kitu. Linaugandisha msimbo ulivyo leo, pamoja na makosa yake.

Naweza kutumia faili la status la laptopu yangu kama data ya majaribio?

Lote, hapana. Orodha ya programu zako inaeleza mengi juu yako na kazi yako, na likishawekwa hadharani halirudi. Chukua aya tatu au nne zenye jambo unalolijaribu, ukiondoa chochote cha kibinafsi. Kwa mahitaji mengi aya ya kujitungia inatosha.

Aya tunazozitamani ni zile zenye tabia ngumu. Kipengele cha `Conffiles`, kwa mfano, hakina chochote kwenye mstari wake wa kwanza, thamani yote imo kwenye miendelezo. Aya ya mwisho ya faili inaweza kukosa mstari mtupu baada yake, na msimbo unaotoa aya pale tu unapoukuta mstari mtupu utaimeza. Mashine yenye prosesa ya biti 64 inayoendesha pia programu za biti 32 itakuwa na `libc6` mara mbili, moja ya amd64 na nyingine ya i386. Ukihifadhi kwa jina peke yake, ya pili inaifuta ya kwanza na hutajua. Ufunguo wetu sasa ni jina pamoja na aina ya mashine.

Kipengele cha Depends nikijaribu vipi?

Kwa subira. Mkato una maana ya "na", mstari wima una maana ya "au". Kwa hiyo `default-mta | mail-transport-agent` hutosheka na kimoja tu kati ya hivyo viwili. Tena hicho cha pili si kifurushi halisi. Ni jina la kazi, ambalo vifurushi kama postfix hujitangaza kuwa vinaifanya kupitia kipengele cha `Provides`. Jaribio zuri huweka postfix kwenye status ya bandia, kisha huuliza kama hitaji limetimia. Msimbo unaotafuta kifurushi chenye jina hilo kamili utasema hapana, nawe utabeba megabaiti zisizo na kazi.

Jaribu pia `python3:any`, ambapo sehemu iliyo baada ya nukta mbili si ya jina. Jaribu nafasi zilizozidi na zilizokosekana: `foo(>=1.0)` na `foo ( >= 1.0 )` ni sawa. Na ukikutana na kifurushi cha kale chenye `<` moja badala ya `<<`, jua kwamba ilihesabiwa kama `<=`. Jambo hilo liliwachanganya watu hadi likaachwa, lakini faili za zamani bado zipo duniani, na baadhi ya laptopu za msaada zinazofika kwetu ni za umri huo.

Faili la .deb lenyewe linasomwaje, na lijaribiwe wapi?

Faili la `.deb` ni bunda la mtindo wa ar, njia ya zamani ya kufunga faili kadhaa pamoja, lenye vitu vitatu kwa mpangilio: `debian-binary`, ambayo ndani yake mna `2.0` na mstari mpya, bunda la `control.tar`, na bunda la `data.tar`. Mawili ya mwisho hubanwa kwa njia mbalimbali. Python haina kisomaji cha ar ndani yake, kwa hiyo tuliandika chetu, na hapo ndipo penye hatari.

Faili huanza kwa baiti 8, `!<arch>` na mstari mpya. Kila kitu kilichomo hutanguliwa na kichwa cha baiti 60, na ukubwa wake umeandikwa kwa tarakimu za kawaida kuanzia baiti ya 48. Sasa sikiliza: kitu chenye ukubwa usiogawanyika kwa mbili huongezewa baiti moja ya kujazia, ambayo haihesabiwi kwenye ukubwa. Ukiisahau, utakisoma kichwa kinachofuata kikiwa kimesogea hatua moja, na kila kitu kitageuka takataka. Nusu ya faili zitasomeka vizuri kwa bahati, nusu zitakataa, na utapoteza wiki ukitafuta tofauti kati yao. Kwa hiyo jaribio letu hujenga bunda kwa mkono ndani ya Python, mara moja likiwa na ukubwa unaogawanyika na mara moja usiogawanyika, na hutaka majibu yaleyale.

Kuhusu ubanaji: gzip na xz zinasomeka na Python yoyote unayoweza kuikuta. Ubuntu ilianza kubana vifurushi vyake kwa zstd katika toleo la 21.10, na Python haikuwa na kisomaji chake hadi 3.14. Kwenye mashine ya zamani hatuwezi kulisoma faili hilo, na hilo si aibu. Aibu ingekuwa kurudisha jibu tupu kana kwamba kifurushi hakina maelezo. Jaribio la zstd linadai kosa linaloitwa kwa jina, lenye sentensi ambayo mwalimu anaweza kuisoma.

Kwa nini msisome toleo kutoka kwenye jina la faili? Si limeandikwa palepale?

Mara nyingine limeandikwa, mara nyingine halijakamilika. Ghala la Debian huacha enzi nje ya jina la faili. Apt nayo, ikihifadhi nakala katika `/var/cache/apt/archives`, huandika `%3a` mahali pa nukta mbili. Na flashi nyingi hutumia mpangilio wa faili uitwao FAT, ambao haukubali nukta mbili kwenye jina la faili hata kidogo, hivyo watu hubadilisha majina ili faili zikubali kunakiliwa. Tunayo majaribio yanayolipa faili jina la uongo kabisa, tena kwa makusudi. Maktaba inapaswa kujibu kwa kile kilichomo ndani.

Majaribio ya herufi yanahusu nini? Si kila kitu ni Kiingereza?

Si kila kitu. Majina ya watunzaji yametoka dunia nzima, na sisi wenyewe tunaandika maelezo kwa Kiswahili. Chukua neno ng’ombe. Ukiliandika kwa alama ya mkato iliyopinda, ile ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, alama hiyo peke yake ni baiti 3 katika UTF-8, njia ya kuandika herufi kwa baiti. Msimbo unaosoma faili vipande vipande kwa ukubwa maalumu unaweza kuikata katikati, na ukikata hapo unapata kosa au alama za ajabu. Jaribio letu huisogeza alama hiyo baiti moja moja hadi ivuke mpaka wa kipande.

Jambo la pili ni `open()` isiyotajiwa usimbaji. Kwenye mashine yako itafanya kazi, kwa sababu mpangilio wako ni UTF-8. Kwenye mashine yenye `LC_ALL=C`, yaani mpangilio wa lugha wa msingi kabisa, na Python iliyotangulia 3.7, ng’ombe huyo ataiangusha programu. Andika `encoding="utf-8"` kila mahali. Jaribu pia kuendesha majaribio yote ukianza amri kwa `LC_ALL=C`.

Stima ikipotea katikati ya kunakili, maktaba ifanye nini?

Ikatae waziwazi. Tumeletewa faili zilizokatika mara nyingi kuliko tunavyopenda: flashi imechomolewa mapema, au stima imepotea shule nzima ikiwa kwenye mstari wa mwisho wa kunakili. Tuna jaribio linalochukua faili zima la `.deb`, likalikata kwenye kila baiti kuanzia ya kwanza hadi mwisho wa `control.tar`, na kudai kwamba kila nakala iliyokatwa izae kosa letu tunalolijua. Halichukui sekunde nyingi kwa sababu faili ni dogo.

Tafadhali usituletee `except: pass`, amri ya Python inayomeza kosa kimyakimya. Huko ni kufunika kombe. Anayepita si mwanaharamu bali ni jibu la uongo, na atakayelipokea ni mtu aliyetuamini.

Hypothesis ni nini, na ni lazima?

Ni maktaba ya Python inayokutungia data ya majaribio kwa wingi kulingana na kanuni unazoipa, ikiipata inayovunja msimbo huipunguza hadi mfano mfupi kabisa. Si lazima kwa mchangiaji mpya. Kwa matoleo, hata hivyo, imetufaa sana, kwa sababu mpangilio una sheria zisizohitaji kujua jibu: ikiwa A iko chini ya B, na B chini ya C, basi A lazima iwe chini ya C. Ilituonyesha kosa letu la `~~` ndani ya dakika moja, wakati sisi hatukuwahi kufikiria kuandika mawimbi mawili.

Mnataka asilimia ngapi ya msimbo iguswe na majaribio?

Hatuna kiwango. Ule msimbo wetu wa safari ya Seme uliguswa wote, kila mstari. Mstari uliokosekana ni ule ambao hatukuuandika.

Jaribio linapita kwangu lakini kwenu linafeli. Nianzie wapi?

Kwanza angalia kama lilitegemea status halisi ya mashine yako. Jaribio lisisome `/var/lib/dpkg/status` kamwe. Liandike faili lake ndani ya `tmp_path`, folda ya muda ambayo pytest hulipa kila jaribio, kisha liisomeshe maktaba hilo. Pili, angalia mpangilio wa lugha kama tulivyoeleza juu. Tatu, angalia kama jaribio la pili linategemea kitu kilichoachwa na la kwanza. Liendeshe peke yake kwa `pytest -k` ukifuatisha jina lake uone.

Majaribio yanayoiita dpkg yana alama ya kurukwa pale dpkg isipokuwepo, ili mwenye Windows au Mac naye aweze kushiriki. Yakirukwa, pytest itakuambia idadi. Usiichukulie "imerukwa" kuwa "imepita".

Bando langu ni dogo. Naweza kushiriki?

Ndiyo, na tumejipanga kwa ajili yako. Orodha kamili ya Debian 12 ina vifurushi zaidi ya 64,000, lakini hatuiweki kwenye hazina ya majaribio. Tumekata vipande vidogo vyenye aya chache chache. Kila kitu kinaendeshwa bila mtandao, na jaribio lolote linalojaribu kutoka nje tunalirudisha. Ukiwa Kisumu, njoo na flashi tukunakilie.

Ukihesabu nafasi ya flashi, tahadhari na vipimo: `Installed-Size` imeandikwa kwa vizio vya baiti 1024, ilhali `Size` kwenye faili la `Packages`, orodha ya vifurushi vya ghala, ni baiti kamili. Tuna jaribio la hilo pia, baada ya kuwahi kuambiwa kwamba kifurushi kimoja kingechukua nafasi mara elfu ya ukubwa wake.

Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaweza kusaidia?

Wanaweza sana, Mwalimu, na tungefurahi. Wapatie `dpkg --compare-versions` na karatasi yenye jozi 20 za matoleo. Kwanza wakisie wenyewe kwa kalamu, kisha waiulize mashine. Kila jozi iliyowashinda wengi inafaa kuwa jaribio, kwa sababu pale ambapo watu wengi hukosea ndipo na waandishi wa msimbo hukosea. Kwa hatua hiyo hawahitaji kujua Python. Mwanafunzi wa Alego alituletea `1.0-1-1` akiuliza kistari kipi ndicho kinachotenganisha. Ni cha mwisho, na jozi yake imo kwenye faili hadi leo.

Nimepata hitilafu. Niripoti vipi?

Tuletee aya fupi kabisa inayoionyesha, jibu ulilopata, jibu ambalo dpkg inatoa, na matoleo ya Python na dpkg uliyo nayo. Ukiweza kuliandika kama jaribio linalofeli, hata bila suluhisho, lilete hivyohivyo. Jaribio hilo huingizwa kwanza, tunaliona likifeli kwenye mashine zetu, ndipo mtu anagusa msimbo. Kama huna git, programu ya kutunza na kutuma msimbo, piga picha ya skrini na ututumie pamoja na faili lenyewe. Faili ndilo tunalolihitaji zaidi, kwa sababu picha haionyeshi nafasi zilizo mwishoni mwa mstari, na hitilafu mbili zilizopita zilikuwa zimejificha humo.